Kipanga wa Kutengenezwa

Mnisamehe kwa ukimya. Wiki mbili hizi testi zimepangana kama matofali, na bumu kama mnavyojua liko njiani tangu mwezi uliopita, sijui linakuja kwa miguu. Leo ni Jumapili, hapa Mabibo umeme umekatika, simu bado ina chaji, jamaa zangu wa chumbani wametoka kwenda kuangalia mpira. Nikasema wacha niandike jambo linalonisumbua kichwa tangu Alhamisi. Ni refu kidogo, kwa hiyo mwenye chai na achemshe.

Wengi mnajua kwamba jioni mbili kwa wiki huwa naenda Sinza kumfundisha mtoto wa watu. Tuisheni, ndiyo, ile ile tuliyoisema vibaya kwenye semina na ndiyo inayonilisha. Dogo ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na kusema kweli ana akili. Anasoma vitabu vya darasa la tatu bila kukwama. Baba yake anauza vipuri vya magari Kariakoo, mtu mwema, hana makuu. Nikimpa shikamoo anaitikia "Marahaba mwalimu" kwa heshima kana kwamba mimi ni profesa, wakati ananizidi miaka ishirini. Yeye aliishia darasa la saba kwa sababu ya ada, na ameapa kwamba kwa mtoto wake haitatokea.

Ukutani sebuleni kuna ratiba imepigwa chapa. Jumatatu hesabu, Jumanne Kiingereza, Jumatano hesabu tena, mpaka Jumamosi kompyuta. Jumapili peke yake iko tupu. Sasa Alhamisi mzee kanishika mkono tukatoka barazani. "Mwalimu," anasema, "huyu nataka aruke darasa. Mwakani aingie la tatu. Tukiongeza Jumapili, saa tatu mpaka saa sita, nitakuongezea." Akataja kiasi. Jamani, sitakiandika hapa maana kuna wanaonidai, lakini kingenimalizia kabisa habari ya madesa na kuchapa ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Nikamwomba anipe mpaka Jumapili nifikirie.

Nikarudi ndani kuchukua begi. Dogo akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nikikosa moja tu, utamwambia baba?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba Ijumaa nzima badala ya kupiga msuli wa testi ya Jumanne. Kwenye saikolojia ya elimu watoto wenye vipaji tuliwapitia kwa nusu saa, mhadhiri akataja majina mawili matatu, tukaandika, tukaenda kula. Nilipoanza kuyafuata majina yale nikakuta kumbe habari ya mzee wa Sinza ina umri wa miaka mia mbili na zaidi.

Tuanzie London. Mwaka 1806 alizaliwa John Stuart Mill. Baba yake, James Mill, Mskoti, alikuwa mwandishi asiye na mshahara wa kudumu, akiandika historia kubwa ya India. Mtoto hakumpeleka shule. Alimkalisha kwenye meza ile ile aliyoandikia yeye, akamwanzisha Kigiriki cha kale akiwa na miaka 3. Kamusi ya Kigiriki kwa Kiingereza wakati huo haikuwepo, kwa hiyo kila neno lililomshinda mtoto ilibidi amuulize baba, na baba, pamoja na hasira zake za karibu, aliweka kalamu chini akajibu. Kilatini kikaanza kwenye miaka 8. Hapo hapo mtoto akapewa kazi ya kuwafundisha wadogo zake, na masomo yao yakihesabika juu yake kama yake mwenyewe. Kucheza na watoto wa rika lake hakuruhusiwa, baba akiogopa wangemharibu.

Matokeo? Akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Uingereza, ndo huyu tunayemnukuu kila tukiandika insha ya uhuru. Lakini mwaka 1826, akiwa na miaka 20, umri wetu sisi, alijiuliza swali moja: kama yote ninayoyapigania yakitimia leo hii, nitafurahi? Akajijibu mwenyewe kwamba hapana. Basi akazimika. Miezi kadhaa alifanya kazi kama mashine, hana hamu ya chochote. Kilichomfungua ni kitabu cha maisha ya Mfaransa mmoja, Marmontel, pale mwandishi anaposimulia alivyofiwa na baba yake akiwa kijana. Mill akalia. Alipoona bado ana machozi akajua bado ni mtu. Sitaki kumchimba sana mwenzangu aliyekufa zamani, lakini angalieni ni ukurasa gani hasa uliomliza.

Haya yote aliyaandika mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake kilichotoka 1873, mwaka aliokufa. Na humo anasema jambo ambalo mlikumbuke maana litarudi: kwamba yeye hakuwa na akili ya pekee, na alichofanya yeye mtoto yeyote wa kawaida mwenye afya angeweza kukifanya. Sifa zote ni za mafunzo, na mafunzo yalikuwa ya baba.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1909 chuo cha Harvard, Marekani, kilipata kundi la watoto. Mmoja alikuwa na miaka 11, anaitwa William James Sidis, mwanafunzi mdogo kuliko wote waliokuwa wameandikishwa pale. Mwingine alikuwa na miaka 14, Norbert Wiener, na huyu alikuja tayari na shahada ya kwanza ya hesabu kutoka Tufts. Magazeti yakapagawa. Hawa wawili nataka tukae nao, kwa sababu ni kama jaribio ambalo hakuna mtu aliyelipanga: chuo kimoja, mwaka mmoja, baba zao wote wawili wahamiaji Wayahudi waliotoka katika himaya ya Urusi, na wote wamelelewa kwa nadharia ya baba.

Baba wa Sidis, Boris, aliingia Marekani bila kitu, akasoma mpaka akawa mwanasaikolojia, mwanafunzi wa William James pale pale Harvard. Jina la mtoto ametoa kwa mwalimu wake. Mama, Sarah, alipata shahada ya udaktari 1897, mwaka mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa. Hawa hawakuwa watu wa fimbo. Boris alizichukia shule za kukaririshwa na vitisho, na mwaka 1911 akatoa kitabu kizima kuwashambulia walimu. Nadharia yake: akili ya mtoto ianze kuamshwa mapema kabisa, akiwa na miaka miwili au mitatu, kwa maswali na michezo ya kufikiri, na ukifanya hivyo mtoto yeyote atafika mbali. Sisi tuliokulia "samaki mkunje angali mbichi" tungempigia makofi. Na kweli samaki alikunjika. Mtoto alisoma akiwa bado mchanga, akabeba lugha kadhaa, akabuni na ya kwake. Januari 1910, akiwa na miaka 11, alisimama mbele ya klabu ya hesabu ya Harvard akatoa mhadhara juu ya maumbo ya vipimo vinne, maprofesa wamekaa wanasikiliza.

(Hapa niseme kitu. Mtakutana na ile habari kwamba IQ yake ilikuwa kati ya 250 na 300. Iacheni. Hakuna karatasi ya mtihani inayoonyesha namba hiyo, ni simulizi lililokuja baadaye. Kijana alikuwa na uwezo mkubwa bila kuhitaji kutiwa chumvi.)

Alihitimu 1914 na miaka 16. Waandishi wakamzunguka, akawaambia anataka maisha ya kujitenga na watu. Mwaka uliofuata akaenda kufundisha chuo cha Rice, Houston, akiwa na miaka 17, mdogo kuliko wanafunzi wake. Hakumaliza mwaka. Akajaribu sheria Harvard, akaacha kabla ya kuhitimu. Mei Mosi 1919 akakamatwa Boston kwenye maandamano ya wasoshalisti, akahukumiwa miezi 18. Wazazi wakaongea na wakubwa, hakwenda jela, badala yake wakamweka chini ya uangalizi wao, kwanza katika hospitali ya matibabu ya akili ya baba yake, kisha California. Alipotoka hapo, akawakimbia. Boris alipofariki 1923 mtoto hakwenda mazikoni.

Miaka iliyobaki alifanya kazi za ukarani, kubonyeza mashine za kujumlisha, mshahara mdogo. Wakigundua yeye ni nani na kumpa kazi kubwa zaidi, anaacha. Alikusanya tiketi za tramu kama wengine wanavyokusanya stempu, akaziandikia kitabu kizima mwaka 1926 kwa jina la bandia. Mwaka 1937 gazeti la The New Yorker likamfuata mpaka chumba alichopanga, likaandika habari ya kumcheka: kipanga yule yuko wapi sasa? Akashtaki kwamba wameingilia maisha yake. Mahakama ya rufaa mwaka 1940 ikasema pole, lakini wewe ulikuwa mtu wa magazeti, umma una haki ya kujua umeishia wapi. Wenzetu wa sheria kule Marekani wanaisoma kesi hiyo mpaka leo kwenye mada ya faragha. Angalieni maana yake, jamani: umaarufu aliutafutiwa na wazazi akiwa na miaka minane, na akiwa na miaka arobaini mahakama inamwambia hawezi kuuvua. Alifariki Boston, Julai 1944, miaka 46, kwa mshipa kupasuka kichwani.

Mwenzake, Norbert Wiener, alifika. Udaktari wa falsafa Harvard akiwa na miaka 18, mwaka 1913, halafu sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi MIT, na mwaka 1948 akatoa kitabu kilichoipa dunia neno sibanetiki. Kompyuta na mitambo inayojirekebisha yenyewe ina alama ya vidole vyake. Kwa hiyo mzee wa Sinza angesema, "Mwalimu, unaona? Ni bahati tu, mmoja aliharibika, mwingine akatoka."

Lakini msomeni Wiener mwenyewe. Mwaka 1953 aliandika kitabu cha utoto wake. Baba yake, Leo, aliyefundisha lugha na fasihi za Kislavi Harvard, alimfundisha nyumbani. Somo la algebra lilianza kwa upole, kama maongezi ya kawaida. Upole huo ulidumu mpaka kosa la kwanza. Hapo baba anageuka, anafoka, anamwita mjinga, mtoto analia, mama anakuja kuamua. Alipokuwa na miaka 8 daktari aliona macho yake yanaharibika akamkataza kusoma kwa nusu mwaka. Masomo hayakusimama: baba akasema, mtoto akajibu kwa kichwa.

Nilipofika hapo kwenye "kosa la kwanza" nilifunga kitabu nikatoka nje kwenye ngazi za maktaba. Dogo wangu hajawahi kusikia jina la Wiener.

Na kuna kilichomuuma Wiener kuliko kelele. Mwaka 1911 baba yake alieleza magazetini kwamba kijana wake na dada zake ni watoto wa kawaida tu, kilichowainua ni malezi. Kijana wa miaka 16 akaisoma. Akapiga hesabu yake (na ni mtu wa hesabu): nikishinda, ushindi ni wa baba, nikishindwa, kushindwa ni kwangu. Alibeba vipindi vizito vya huzuni maisha yake yote. Na kwenye kitabu hicho hicho alimtetea Sidis. Alikuwepo kwenye ule mhadhara wa 1910 na alisema ulistahili sifa hata kama ungetolewa na mwanafunzi mkubwa wa shahada ya juu. Gazeti lililomcheka mwenzake hakulisamehe.

Hapa ndipo nilipoona kile ambacho semina yetu ilikiruka. Tunapobishana habari ya vipanga, huwa tunauliza "je, inawezekana?" Mill mzee, Boris na Leo wote wanajibu inawezekana, na ushahidi wao si wa kubeza. Lakini wote watatu pia walitaka kuthibitisha kitu. Mtoto alikuwa mwanao na wakati huo huo alikuwa hoja yako. Hoja ikikosea, unaumbuka wewe. Ndiyo maana kosa moja la algebra linamfanya mtu mpole apige kelele. Hasira ile haikuhusu algebra.

Sasa kuna ndugu zao waliokuja na jibu la upande wa pili kabisa. Hawa walisema mafunzo ni kazi bure, mambo yote ni damu. Mwingereza Francis Galton aliandika kitabu mwaka 1869 kudai kwamba akili kubwa hurithiwa katika koo, na mwaka 1883 akabuni jina la elimu ya kuboresha uzao wa binadamu, yujeniki. Tunajua ilikofika: maelfu ya watu Marekani wakakatwa uzazi kwa sheria, halafu Wanazi wakaichukua mpaka mwisho wake.

Mwaka 1921 Lewis Terman wa chuo cha Stanford alianza kuchuja watoto wa California kwa vipimo vya IQ, akachagua zaidi ya 1,500 na kuwafuatilia maisha yao yote. Wengi walikuwa watu wazuri, wenye kazi nzuri. Lakini sikilizeni kichekesho chenyewe. Kati ya watoto waliopimwa wakakosa alama za kuingia walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley akapata Nobel ya fizikia 1956 kwa transista. Alvarez akapata yake 1968. Kati ya wale 1,500 waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyepata Nobel. Yaani chujio lilimwaga nyama likabakiza mchuzi.

Ungedhani Shockley, aliyeitwa kilaza na karatasi, angejifunza kutoziamini karatasi. Wapi! Uzeeni alizunguka akidai kwamba watu weusi wana akili pungufu kwa kuzaliwa, na akapendekeza watu wenye IQ chini ya 100 walipwe pesa wakubali kufungwa uzazi. Mwaka 1980 tajiri mmoja wa California, Robert Graham, aliyepata utajiri kwa lenzi za plastiki za miwani, alitangaza benki ya mbegu za kiume za washindi wa Nobel, ili akina mama wazae vipanga. Mshindi pekee aliyejitokeza hadharani kwamba ametoa ni nani? Shockley. Watoto zaidi ya 200 walizaliwa kupitia benki ile kabla haijafungwa 1999, na hakuna aliyejulikana kuwa wa mshindi wa Nobel. Mbegu nyingine zilitoka kwa wanasayansi wasiofika huko na wanamichezo.

Mnaona lakini? Boris anasema damu si kitu, Graham anasema damu ndiyo kila kitu, wanapingana kama Simba na Yanga. Ila mtoto aliyekaa katikati anaambiwa neno lile lile: wewe umeagizwa, na aliyekuagiza ana matarajio. Na habari hii haijaisha. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao jeni zao alizihariri wakiwa viinitete. Alidai anawakinga na virusi vya UKIMWI, si kuwaongezea akili, na bado mwaka 2019 mahakama ilimfunga miaka mitatu. Siku hizi ziko kampuni Marekani zinazowauzia wazazi vipimo vya viinitete zikidai zinaweza kukisia hata akili ya mtoto, mzazi achague. Makisio yenyewe ni dhaifu. Kitu chenye nguvu hapo ni hamu ya mnunuzi.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Ipo familia moja inayonizuia kuhukumu haraka, nayo ni ya Polgár, Hungary. László Polgár aliamini kipanga hutengenezwa, akamtafuta mke atakayekubali kushirikiana naye, akampata Klara, mwalimu. Wakazaa mabinti watatu: Susan 1969, Sofia 1974, Judit 1976. Wakawafundisha nyumbani Budapest, wakigombana na serikali iliyotaka watoto waende shule, na wakachagua sataranji kwa sababu matokeo yake hayana ubishi: umeshinda au umeshindwa. Mwaka 1991 Judit akawa mkuu wa sataranji, yaani grandmasta, akiwa na miaka 15 na miezi, akivunja rekodi ya Bobby Fischer. Mwaka 2005 alikuwa wa 8 duniani, wanaume kwa wanawake. Susan akawa bingwa wa dunia wa wanawake 1996. Na mabinti wale, wakiwa watu wazima, wanamzungumzia baba yao kwa upendo.

Nimekaa na kisa hiki siku mbili. Kwa nini hapa samaki hakuvunjika? Jibu moja ni kwamba tunawasikia walioshinda. Wazazi waliojaribu hivyo hivyo wakakosa hawaandiki vitabu. Jibu la pili ni Sofia. Huyu alikuwa na mashindano moja Rome mwaka 1989 ambayo hadi leo watu wa sataranji wanayashangaa, halafu akapunguza, akageukia sanaa ya uchoraji. Hakuna aliyemfungia California, wala gazeti lililokwenda kumcheka chumbani. Aliruhusiwa kutoka. Sidis alipotaka kutoka, kila mtu, wazazi, waandishi mpaka majaji, walimwita aliyeshindwa.

Na kuna jambo dogo la Klara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mumewe alipata wazo la kuchukua mtoto kutoka nchi maskini, alee kwa mbinu ile ile, athibitishe nadharia tena. Klara akamzuia. Ndoto ya kwanza alishirikiana nayo, hii ya pili akaikata. Mimi ninayetoka kwenye nchi ambazo mtoto huyo angechukuliwa, nilimshukuru huyu mama kimyakimya pale maktaba.

Basi turudi Sinza. Tusijifanye hatuhusiki. Sisi ni nchi ya Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, shule za vipaji maalumu, na wengine mnaosoma hapa mmepita huko na mnajua raha na machungu yake. Sisi ni nchi ambayo mpaka Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza kumi bora, mtoto angeweza kuamkia kwenye ukurasa wa mbele bila kuombwa ruhusa. Mzee wa Sinza si mtu mbaya. Anaujua mlango ulivyomfungia yeye, na anataka mtoto apite kabla haujafungwa tena. Ningekuwa na mtoto nisingependa mtu aje kunisomea habari za Harvard ya 1909.

Nikaenda leo asubuhi. Nilimkuta barazani anasoma gazeti. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwambia, "Mzee, Jumatatu na Alhamisi nitaendelea, na nitafanya kwa moyo. Ila Jumapili naomba uniache, na yeye umwache." Akauliza kama ni hela. Nikasema hapana, hela ni nyingi kuliko ninavyostahili. Nikamweleza alichoniuliza mtoto. Akanyamaza. Akalikunja gazeti mara mbili, akasema, "Amekuuliza hivyo?" Nikasema ndiyo, mzee. Akanyamaza tena kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mwalimu, ukiwa na wako utaelewa. Nitakupigia."

Dogo alikuwa uani anajaribu kumfundisha paka kukaa. Paka hakuwa na mpango huo.

Sijui kama nimefanya vizuri. Inawezekana kesho mzee akamtafuta mwingine wa Jumapili, hata mmoja wenu humu ndani, na Jumatatu na Alhamisi zangu zikaenda naye. Inawezekana pia mtoto angefika mbali kwa Jumapili zile na mimi nimemkata njia kwa kisa cha Mmarekani mmoja aliyekusanya tiketi. Hilo nalibeba. Ila sikuweza kuwa mtu wa kuandika kosa la kwanza kwenye daftari la Jumapili ya mtoto wa miaka sita.

Simu bado haijalia. Chaji imebaki asilimia tisa, testi ni Jumanne na sijafungua desa hata moja. Anayenidai avumilie, bumu likifika tutaonana. Usiku mwema wana, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.